Milia Pekee Haitoshi: Maswali Yenu Kuhusu Kambare wa Tangi

Safari hii barua nyingi zilizonifikia hapa kibandani Mwanjelwa, Mbeya, zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu kanunua kambare mwenye milia, kapewa jina, na sasa hana hakika na hilo jina. Nimezichagua tano. Kwa anayesoma safu hii kwa mara ya kwanza, mimi ni fundi wa vioo. Mchana nakata madirisha na makabati ya maduka, na anayetaka tangi la samaki namtengenezea. Ninaposema kambare namaanisha ukoo mzima wa samaki wenye sharubu wasio na magamba, siyo yule wa kwenye tope tunayemla peke yake.

Vittatus wangu na wa shemeji hawafanani

*Fundi, habari za kazi. Nimenunua kambare wanne wenye milia kwenye duka moja Kariakoo. Muuzaji alisema ni Mystus vittatus, mzigo umetoka Thailand. Shemeji yangu aliyeko Iringa mjini anao wawili aliouziwa kwingine kwa jina hilohilo, ila wa kwake walikuja na mzigo wa India. Tukiweka picha pamoja tunaona hawafanani. Mimi nahesabu milia minne, yeye anahesabu mitano. Nani ana vittatus wa kweli? – Mwalimu wa sekondari, Mafinga*

Nzuri, Mwalimu. Kwanza acheni kuhesabu. Nimewahi kuona watu wawili wakimhesabia samaki mmoja na kupata majibu mawili, na wote wako sahihi: mmoja anahesabu mistari myeusi, mwenzake anahesabu myeupe iliyo katikati yake. Mstari wa juu kabisa nao hujificha kwenye weusi wa mgongo, kwa hiyo kuna anayeuona na asiyeuona. Tena samaki akiogopa anapauka. Aliyetoka Dar ndani ya mfuko wa nailoni, akatikiswa basini hadi Mafinga, usimpige picha siku hiyo ukaifanya ushahidi. Mwache azoee tangi, ale, ndipo umtazame.

Kinachosaidia zaidi ni asili yake. Samaki anayeitwa Mystus vittatus alipewa jina hilo na Mjerumani Bloch mwaka 1794, kwa samaki waliotoka Tranquebar, pwani ya kusini mwa India. Kwao ni Bara Hindi na majirani zake. Kwa miaka mingi kila kambare mdogo wa milia aliyetoka Thailand naye aliandikwa vittatus, kwenye vitabu na madukani. Mwaka 1992 mtaalamu Tyson Roberts akachapisha kazi iliyoonyesha kuwa wale wa Thailand si vittatus. Akawapa wawili kati yao majina mapya, Mystus mysticetus na Mystus multiradiatus. Yupo pia Mystus atrifasciatus, ambaye mtaalamu mwingine, Fowler, alikuwa amemwandika tangu 1937. Wataalamu wamelijua hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini orodha za bei za wauzaji bado zinasema vittatus. Jina linalouzika halibadilishwi kirahisi.

Kwa hiyo mwenye nafasi kubwa ya kuwa na vittatus ni shemeji. Nasema nafasi, kwa sababu maboksi ya samaki hupita mikono mingi. Mzigo uliopakiwa Bangkok unaweza kuwa na samaki waliovuliwa nchi nyingine kabisa. Muulize muuzaji wako kama anaona karatasi za mzigo au anarudia tu alichoambiwa.

Na shemeji naye asishangilie mapema, maana India wana ndugu mwingine wa milia, Mystus tengara. Huyo ana mistari kama mitano inayoenda sambamba, na doa jeusi begani. Vittatus naye mara nyingi ana doa begani, kwa hiyo doa halimalizi ubishi. Linalomaliza ni pezi la mafuta, yaani kile kipezi laini cha nyama, kisicho na vijiti ndani, kinachokaa kati ya pezi la mgongoni na mkia. Kwa vittatus ni kifupi, na kati yake na pezi la mgongoni kuna uwazi unaoonekana wazi, mgongo mtupu. Kwa tengara kipezi hicho ni kirefu na kinaanza karibu kabisa na pale pezi la mgongoni linapoishia. Samaki anayekimbia ndani ya tangi hakuonyeshi hayo. Ndiyo maana nawatengenezea wateja kiboksi cha kutazamia kwa vipande vinavyobaki: kioo cha milimita 4, urefu sentimita 20, kimo 15, na upana wa ndani 4 tu, kiasi kwamba samaki hawezi kugeuka akakupa kichwa. Kijaze maji ya tangi lenyewe. Msukume samaki aingie kwa kikombe cha plastiki, usitumie wavu, kwa sababu miiba ya mapezi yake ya kifuani ina meno ya msumeno na inanasa kwenye nyuzi. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kiboksi, dirisha liwe ubavuni, simu itulie juu ya kitabu, flashi uizime. Piga picha ya ubavu mzima kutoka puani hadi mkiani. Ukimaliza umrudishe mara moja.

Picha hiyohiyo itakuonyesha sharubu. Jozi ndefu kuliko zote kwa vittatus hupita mapezi ya tumboni, na mara nyingi hufika hadi mwisho wa pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Ila sharubu hukatika kwenye safari na kwenye ugomvi, kwa hiyo sharubu fupi haithibitishi kitu.

Sasa wanne wako, kama kweli ni wa Thailand. Multiradiatus ana vijiti vingi zaidi kwenye pezi la chini, na vijiti hivyo unaweza kuvihesabu pichani ukikuza, mwanga ukitokea nyuma. Mysticetus anajulikana kwa vichujio vingi vilivyosongamana ndani ya matamvua, maana yeye huchuja vidudu vidogo majini. Hivyo huwezi kuvihesabu kwa samaki aliye hai, na sitaki ujaribu. Akifa mmoja usimtupe. Mtie kwenye spiriti, umpeleke maabara ya shule, funua shavu, na wanafunzi wahesabu kwa lenzi. Kwa sasa bandika kikaratasi kwenye tangi: "Mystus, Thailand". Jina hilo fupi lina ukweli mwingi kuliko lile la dukani.

Jambo moja ambalo hukuuliza: kama una gapi (wale samaki wadogo wa rangi) kwenye tangi hilo, watapungua usiku na hutaona nani kawala.

Sita wa jina moja, tabia mbili

*Ugonile Fundi. Nilimnunulia mwanangu samaki sita wadogo wenye mistari myeusi, muuzaji akawaita debauwi. Wanne wanakaa pamoja katikati ya maji, wamelala mshazari, mkia chini, wanautikisa muda wote. Wawili hawatulii, wanaenda huku na huku na wanagonga kioo. Hao wawili ni madume au ni wakorofi? – Mama wa Tukuyu*

Ndaga, mama. Hakuna dume wala mkorofi hapo. Una samaki wa aina mbili waliochotwa kwenye tangi moja la dukani, na bila kukusudia umeshaieleza tofauti yao vizuri kuliko nilivyotaka kuieleza mimi. Picha ulizotuma zimenihakikishia.

Wale wanne wanaokaa mshazari ni kambare wadogo wa Afrika wa jenasi (kundi la samaki ndugu) ya Pareutropius. Jina la dukani, debauwi, ni la samaki wa bonde la Kongo na Gabon, na huyo ana mstari mmoja tu mweusi unaopita katikati ya ubavu. Wa kwako wana mistari mitatu: mmoja juu karibu na mgongo, mmoja katikati, mmoja chini. Tena kila ncha ya mkia ina alama nyeusi. Huyo ni Pareutropius buffei, wa mito ya Afrika Magharibi upande wa Nigeria na Benin. Buffei ndiye anayefika madukani mara nyingi, na karibu kila mara anaandikwa debauwi. Kwa matunzo haikudhuru, wote wanahitaji yaleyale. Ni samaki wa kundi, hawazidi sana urefu wa kidole, na ukimweka mmoja peke yake anajikunja kwenye kona, anaacha kula, anakufa. Wanne ni wachache. Waongeze wafike hata wanane.

Wale wawili ni habari nyingine. Nao wana mistari myeusi miwili ubavuni, nao wana alama nyeusi kwenye kila ncha ya mkia, na ndiyo sababu aliyechota hakuwatofautisha. Tazama hivi: buffei mwili wake mwembamba unapitisha mwanga kidogo, ukimweka mbele ya taa unaona kivuli cha utumbo. Hao wawili hawapitishi mwanga, wanang'aa fedha yenye ubuluu. Jicho lao ni kubwa na limekaa chini sana kichwani, karibu usawa wa mdomo. Kwenye pezi la chini kuna mstari mweusi katikati. Na wanaogelea mlalo, mbele tu, bila kusimama. Huyo ni pangasi, Pangasianodon hypophthalmus, wa mito ya Mekong na Chao Phraya kule kusini-mashariki mwa Asia. Madukani humuuza pia kama papa mdogo. Ni yuleyule anayefugwa Vietnam kwa wingi na kuuzwa minofu.

Akikua anaweza kufika sentimita 130 na kilo 44. Mistari hupotea, anabaki kijivu. Tangi ulilonalo, kwa vipimo ulivyoandika, ni sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 182 likijaa hadi ukingoni. Siwezi kukutengenezea la kumtosha, na hata ningeweza, sakafu ya sebuleni isingelibeba. Kugonga kioo ni woga: akishtuka anachomoka mbele bila kuangalia, anapasua pua. Warudishe dukani upesi wakiwa bado na sura ya kuuzika, na uwaambie wamechanganya. Usiwamwage mto Kiwira, wala kwenye bwawa la jirani linalofurika masika. Mito yetu haihitaji samaki wa Mekong.

Mweusi mwenye mstari mweupe, kwa bei ya kutupa

*Shikamoo Fundi. Nataka kambare mweusi mwenye mstari mweupe ubavuni. Duka moja wana anayeitwa Raphael, bei imenishinda. Rafiki yangu kasema kuna jamaa analeta wanaofanana naye kutoka Mtwara kwa bei rahisi, wavuvi wanawapata. Je, ni wale wale? – Kijana wa Njombe*

Marahaba mwanangu. Si wale wale. Na hao wa Mtwara nakuomba usiwashike kwa mkono.

Anayeletwa kutoka Mtwara kwa maelezo hayo ni ngogo, Plotosus lineatus, samaki wa bahari ya chumvi. Rangi ni kahawia iliyokolea au nyeusi, na kila ubavu una mistari miwili myeupe au ya krimu inayotoka kichwani kwenda nyuma. Wakiwa wadogo hukusanyika mamia wakawa mpira mmoja unaobingirika juu ya mchanga, na ndiyo hapo wavuvi wanapowazoa. Ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi hatadumu. Lakini kubwa ni sumu. Ana mwiba mmoja mbele ya pezi la mgongoni na mwingine kwenye kila pezi la kifuani, yote mitatu ina sumu kali, na wapo watu waliokwisha kufa kwa kuchomwa. Maumivu hupanda mkono mzima. Mtu akichomwa, aloweke jeraha kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, yapimwe kwanza kwa mkono mzima usio na jeraha, na aende hospitali.

Kumtambua ni rahisi ukiangalia nyuma. Ngogo hana mkia wa uma. Pezi la pili la mgongoni, mkia na pezi la chini vimeungana vikawa ukingo mmoja unaochongoka hadi ncha, mwili ukaonekana wa mkunga. Raphael ana mkia wake wa kawaida, na ubavuni ana safu ya vibao vigumu vya mfupa, kila kimoja na mwiba uliopinda kurudi nyuma. Mstari wake mweupe umepita juu ya safu hiyo, unaenda mbele juu ya jicho, na ya pande mbili inakutana puani.

Kwa jina la kitaalamu, vitabu vingi vya zamani vitakuambia Platydoras costatus. Mwaka 2008 wataalamu walipitia jenasi hiyo upya, na anayeuzwa madukani akatambuliwa kuwa Platydoras armatulus, wa mito ya Amazon, Orinoco na Paraguay. Costatus wa kweli ni wa Suriname na Guyana ya Ufaransa, na ni nadra kumwona sokoni. Kuna mwingine anayejichanganya humo, Orinocodoras eigenmanni. Pua yake ni ndefu na imechongoka zaidi, na pezi la mafuta limevutwa likawa tuta refu kuelekea mkiani, wakati la armatulus ni fupi. Ukimpata kwa bei ya Raphael, mchukue na ukae kimya.

Huyu pia usimvue kwa wavu. Vile vibao vitanasa, utalazimika kuukata. Tumia bakuli. Ukimwinua ukasikia anakoroma, ni miiba ya kifuani inasuguliwa kwenye tundu zake. Hana sumu ya ngogo, ila anachoma. Atafika kama sentimita 20 na ataishi miaka mingi, basi ile bei iliyokushinda igawanye kwa miaka utapata shilingi chache kwa mwezi.

Gogogo wa ziwani

*Fundi, huku kwetu gogogo ni wengi. Naweza kumtoa ziwani nikamweka tangini badala ya hao wa kununua? Na ni aina gani? – Msomaji, Kyela*

Wa Ziwa Nyasa ni mmoja tu anayejulikana, Synodontis njassae, kwa hiyo hapo kazi ya kutambua imekwisha kabla haijaanza. Ana madoa, hana milia. Mwenye milia ya njano mirefu unayemwona kwenye picha za simu ni Synodontis flavitaeniatus wa Kongo, hayumo ziwani kwenu. Kuhusu kumtoa, nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya umweleze unachotaka, hasa kama unafikiria kuuza. Ukiruhusiwa, chagua wadogo, na ukumbuke miiba yake mitatu hujifunga ikiwa imesimama: usimbane kumtoa wavuni, kata uzi. Maji ya ziwa ni ya alkali, pH kati ya 7.7 na 8.6 hivi. Usimweke pamoja na buffei wa yule mama wa Tukuyu.

Baridi ya Makambako

*Fundi, nataka kufuga hao wa milia lakini huku kwetu mwezi wa sita na wa saba maji ya tangi yanakuwa baridi ya kuuma. Hita moja itatosha? Umeme nao unakatika. – Makambako*

Pareutropius wanataka nyuzi 24 hadi 28. Mystus wa India watavumilia 22 bila shida. Kwa nyumba zetu za tofali zisizo na dari, usiku wa Julai, piga hesabu ya wati moja kwa kila lita. Tangi la lita 182, kama la yule mama wa Tukuyu, lipewe hita mbili za wati 100, kila moja upande wake, wala si moja ya 200. Moja ikiharibika ikabaki imewaka, haina nguvu ya kuwachemsha. Ikizimika, nyingine itawashikilia hadi asubuhi.

Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi pande zote na juu, acha upenyo wa hewa, na usiwalishe: chakula kisicholiwa kitaoza na kula hewa iliyobaki majini. Hewa yenyewe huku juu ni pungufu. Hata hapa Mbeya, kwenye mita kama 1,700, maji hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya joto lile lile Dar es Salaam, na kwenu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo ya kununua kwanza, kabla ya hita ya pili kama fedha haitoshi vyote.

Kioo kiwe cha milimita 8 kwa kimo cha sentimita 45, na mfuniko wa kioo juu, unaozuia joto kutoka na samaki kuruka. Na siku ya kubadilisha maji, chomoa hita kwenye soketi uisubiri ipoe ndipo upunguze maji. Ikibaki hewani ikiwa ya moto halafu ukaimwagia maji ya bombani ya Makambako, itapasuka.